Kumsomea Mtoto Asiyejua Herufi

Jua, ewe mzazi, ya kwamba mtoto husoma kwa sikio kabla ya kusoma kwa jicho. Basi usingoje mpaka apelekwe chuoni. Msomee nyumbani baada ya Magharibi, kwa sauti, maneno machache, nawe umempakata. Akilitamka neno kombo, litamke wewe sawasawa, wala usimkemee.

Ama msahafu, katika madhehebu ya Shafii mtoto asiyepambanua haachiwi kuushika. Aliyekwisha kupambanua, yapata miaka 7, hazuiwi kuushika kwa kujifunza, hata akiwa hana udhu. Basi kwa huyu mdogo ushike wewe, yeye asikilize. Naye mpe kitabu cha hadithi afunue kurasa. Lakini usimfukuze: amfukuzaye mtoto penye kitabu leo, kesho atamwita asije.

Wallahu aalam.