Mlevi Atakaye Kuacha: Aende kwa Nani?

Ndugu msomaji, somo letu la leo si la kueleza uharamu wa ulevi. Hilo kila mtoto wa chuoni hulijua, na mlevi mwenyewe hulijua kwa uchungu zaidi kuliko sisi. Swali letu ni jengine: Muislamu aliyekwisha zama, naye ataka kutoka, aende kwa nani?

Twauliza kwa sababu vijana wetu wengi wa pwani wako bara kwa kazi na biashara. Njia ya Mombasa kwenda Nairobi yapita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali, na yote hiyo ni nchi ya Makueni. Mashariki yake ni Kitui. Zamani huko Ukambani pombe ya asali, iitwayo uki, ilikuwa na adabu zake, na wazee ndio waliokuwa wenyewe. Zilizokuja baadaye hazina adabu wala mzee. Mwezi wa Mei 2014 pombe iliyotiwa methanoli, sumu ipofuayo macho na kuua, iliangamiza watu wengi katika kaunti kadha za Kenya, Kitui na Makueni zikiwamo. Wako waliopona wakatoka hospitalini vipofu.

Basi la kwanza ni hospitali. Aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi asiache ghafla akiwa peke yake chumbani. Katika siku za mwanzo mwili hutetemeka, wengine hushikwa na kifafa au huona visivyokuwako, na wengine hufa. Aende kwa daktari, katika hospitali kuu ya kaunti iliyoko Kitui mjini au ile ya Wote, amwambie kweli ni kiasi gani anywacho. Wenye kumdharau daktari kwa kusema "toba yatosha" wamekosea. Toba ni ya moyo, na mwili nao una haki yake.

La pili ni wenzake. Mwaka 1935, miaka miwili baada ya Marekani kuifuta sheria yake ya kupiga marufuku pombe, watu wawili walikutana katika mji wa Akron: Bill Wilson, aliyekuwa dalali wa hisa, na Robert Smith, tabibu. Wote wawili walikuwa walevi. Waliona kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenziwe, hamu ya kunywa humpungua. Kwao ikazaliwa jamii iitwayo Alcoholics Anonymous. Sharti la kuingia ni moja tu, kutaka kuacha. Hapana ada, bakuli hupitishwa, na asiye na kitu hapungukiwi heshima. Mtu hutaja jina lake la kwanza tu. Mmoja husema, wengine husikiliza bila ya kumkatiza, na mgeni akitaka kunyamaza hunyamaza. Baadaye humchagua aliyemtangulia katika kuacha, awe wa kumwendea hata usiku wa manane hamu inapomjia.

Ndugu zetu wengine hushuku mambo mawili. Wasema: mikutano hiyo mara nyingi hufanywa katika majumba ya kanisa. Ni kweli, lakini chumba si ibada, na jamii hiyo si ya dini yoyote. Ikisomwa dua isiyo yetu, anyamaze. Tena wasema: si tumekatazwa kuzifichua dhambi ambazo Mungu amezisitiri? Ndiyo, amekatazwa mwenye kujitangaza na kujifakharisha. Anayemwonyesha mganga kidonda chake hajifakharishi nacho. Huko Baltimore, Marekani, Waislamu walianzisha mwaka 1989 jamii yao, Millati Islami, wakazitengeneza hatua kumi na mbili za wale wa kwanza zilingane na dini yetu. Wala si mbali tu: Unguja, tangu mwaka 2009, zimefunguliwa nyumba za kuwasaidia waliokuwa watumwa wa madawa ya kulevya, na Waislamu wenzetu wamezifuata hatua hizo humo.

Sasa kutafuta. Aliyeko popote Kenya apige simu 1192, ya NACADA, shirika la serikali, hailipiwi. Aulize mashauri na mahali pa kutibiwa palipo karibu naye. Hospitalini pia aulize kama kuna kikundi. Mikutano iko zaidi Nairobi kuliko vijijini, na aliyeko Mutomo au Mwingi huenda nauli ikamshinda. Huyo aweza kuhudhuria kwa simu, kwani siku hizi iko mikutano ya namna hiyo. Wala asikate shauri kwa mkutano mmoja. Vikundi hutafautiana, kama madarasa yetu.

Na sisi tusio walevi? Twasoma katika hadithi kwamba mtu mmoja aliletwa kwa Mtume mara nyingi kwa kunywa, na aliyemlaani akakatazwa, kwa kuwa mtu yule alimpenda Mungu na Mtume wake. Lakini misikitini kwetu harufu ya jana humtoa mtu safuni kwa macho tu, akarudi kule ambako hakuna amtazamaye vibaya. Waislamu walioko Kitui na Makueni hawakosi chumba cha chuo kisichotumika baada ya Isha. Wawili walitosha Akron. Ufunguo apewe mmoja aliyekwisha acha, na walimu wasiingie ila wakiitwa.