Dawa ya Kuzuia Damu Isigande: Mbona kwa Mwingine Haifanyi Kazi?

Ukijikata kidole kwa panga shambani damu hutoka, halafu baada ya muda huacha. Kitu gani kinaizuia? Ndani ya damu mna chembe ndogo sana ziitwazo chembe sahani. Zikikuta mshipa umekatika hukimbilia hapo, zikashikamana na kuziba tundu.

Lakini chembe hizo hizo zaweza kuleta balaa. Mtu akiwa na mafuta yaliyojijenga ndani ya mshipa, na tabaka lile likapasuka, chembe sahani hushikamana hapo kama kwamba ni jeraha. Njia ya damu inazibwa. Ukizibwa mshipa wa moyo, mtu hupata shambulio la moyo. Ukizibwa wa ubongo, hupata kiharusi.

Ndiyo maana daktari humpa mgonjwa wa namna hii dawa ya kuzizuia chembe sahani zisishikamane ovyo. Aspirini ni mojawapo. Nyingine inaitwa klopidogreli. (Kipo pia kiharusi cha mshipa kupasuka, na dawa hizi zaweza kukizidisha. Basi usimpe mgonjwa aspirini kwa kubahatisha.)

Sasa hapa ndipo penye fundo. Mgonjwa anameza klopidogreli kila siku, na bado anapigwa kiharusi mara ya pili. Nyumbani watu wanaanza kunong'ona: "Huyu alikuwa hamezi dawa, anatupa." Mara nyingine ni kweli amekuwa akiruka siku. Lakini wapo wanaomeza bila kukosa hata siku moja, na dawa isiwasaidie. Kumlaumu mtu kama huyo ni kumwonea.

Hebu tufikirie mpunga. Huwezi kupika mpunga na maganda yake. Kwanza uukoboe upate mchele. Klopidogreli nayo humezwa ikiwa mpunga. Kati ya kila sehemu 100 zinazoingia mwilini, kama 85 huharibiwa zikiwa njiani. Zile 15 zinazobaki hufika kwenye ini kukobolewa, na hapo ndipo zinapokuwa dawa yenye nguvu. Mashine kubwa ya kukobolea ni kimeng'enya ambacho wataalamu wamekipa jina la CYP2C19.

Kila mtu amerithi maagizo ya kutengeneza mashine hiyo kutoka kwa wazazi wake. Maagizo hayo huitwa jeni. Nakala moja hutoka kwa baba, nyingine kwa mama. Ukirithi nakala mbili nzima, mashine inakoboa vizuri. Ukirithi moja nzima na moja mbovu, inachechemea. Ukirithi mbili mbovu, mashine haikoboi, na mpunga unabaki mpunga. Mgonjwa mwenyewe hana dalili yoyote ya kumjulisha.

Watu wa namna hii si wachache. Maelezo ya dawa hii nchini Marekani yanataja wenye nakala mbili mbovu kuwa kama 2 katika kila 100 kwa Wazungu, 4 kwa watu weusi, na 14 kwa Wachina. Wenye nakala moja mbovu ni wengi zaidi. Mwezi Machi 2010 serikali ya Marekani iliagiza onyo kali liandikwe kwenye maelezo hayo. Mwaka 2014 jimbo la Hawaii, lenye wakazi wengi wenye asili ya Asia na visiwa vya Pasifiki, lilizishtaki kampuni zinazouza dawa hiyo kwamba hazikuwaeleza watu ukweli. Kesi hiyo ilivutana zaidi ya miaka kumi.

Ipo hatari nyingine iliyo karibu nasi zaidi. Omeprazoli, dawa ya vidonda vya tumbo inayouzwa kila duka la dawa, hutumia mashine ile ile. Ukizimeza zote mbili, omeprazoli inashika foleni mbele na klopidogreli inakosa nafasi. Basi mwambie daktari dawa zako zote, hata ile uliyojinunulia mwenyewe kwa kiungulia.

Kipimo cha jeni hii kipo. Huchukuliwa mate au damu kidogo. Mwaka 2024 Uingereza ilipendekeza wagonjwa wa kiharusi cha kuziba wapimwe kabla ya kupewa klopidogreli. Zahanati ya kijiji haina kipimo hicho, lakini daktari wa hospitali kubwa anaweza kubadilisha dawa. Tikagrelori haihitaji kukobolewa kabisa. Prasugreli inahitaji, ila haitegemei mashine hii. Nayo hapewi mtu aliyewahi kupata kiharusi.

Wewe mwenyewe usiache dawa ghafla, hasa kama uliwekewa kijibomba cha kupanua mshipa wa moyo. Damu yaweza kuganda humo na kukuua. Nenda na vidonge vyako mkononi, uulize.

Maswali ya kikundi

1. Kwa nini klopidogreli imefananishwa na mpunga?
2. Katika watu weusi 200, wangapi hivi wana nakala mbili mbovu?
3. Jirani yako anameza klopidogreli na omeprazoli. Utamshauri nini?