KURA YA KIJANA NA JOSHO LA NG'OMBE

Bwana mkulima na Bibi mkulima, huenda kijana wenu ametimiza miaka 18 na amekwisha pata kitambulisho. Msidhani kwamba kitambulisho peke yake chatosha kupigia kura. Ni lazima aende kwa karani wa Tume ya Uchaguzi, achukuliwe alama za vidole, na jina lake litiwe katika daftari. Hapo atachagua kituo kimoja. Kijana aliyejiandikisha Nakuru alipokuwa kazini hawezi kupiga kura nyumbani Nyandarua mpaka ahamishe jina lake. Daftari hufungwa kabla ya uchaguzi, basi asingoje.

Babu zake hawakupata urahisi huo. Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao mara ya kwanza, Machi 1957, mtu mmoja aliweza kupewa kura hadi tatu kwa ajili ya elimu au mali yake, na jirani yake akakosa hata moja.

Siku hizi uchaguzi huwa Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Kijana atapewa karatasi sita: ya Rais, Gavana, Seneta, Mbunge, Mwakilishi wa Wanawake, na Mjumbe wa Wadi. Vijana wengi hubishana usiku kucha juu ya ile ya Rais, na hizo nyingine huzitia alama ovyo. Hapo ndipo shamba hupata hasara. Kwa Katiba ya 2010, kuzuia magonjwa ya mifugo na kutengeneza barabara za kaunti ni kazi ya kaunti. Kama josho lenu ni kavu, au gari la maziwa hukwama matopeni, wa kuulizwa ni Gavana, pamoja na Mjumbe wa Wadi ambaye huyapitisha makadirio ya fedha katika Bunge la Kaunti. Tena wadi ni ndogo. Kura chache zaweza kumpa mtu kiti.

Katika kila karatasi atie alama moja tu, mbele ya jina la amtakaye. Asiandike jina lake mwenyewe, maana karatasi itakataliwa. Akikosea, amrudishie msimamizi apewe nyingine. Kura ni siri: hata wewe baba usimwulize.

Jioni kura huhesabiwa pale pale kituoni, mbele ya mawakala wa wagombea, na matokeo hubandikwa hapo watu wasome. Fomu ya Rais huitwa 34A. Kijana aweza kuyanakili, kisha ayalinganishe na yatakayotangazwa.

Kujiandikisha hakuna malipo. Ulizeni ofisi ya Tume katika jimbo lenu la uchaguzi.