Kamera ya Geti, Soketi ya Simba

Kabla hujanunua kebo ya mita 50 na kumwita fundi atoboe kuta, tazama ulicho nacho. Nyaya za stima zilizomo nyumbani zinaweza kuipa kamera umeme, kisha zikabeba picha yake hadi kwenye ruta. Kwa boma la Katito, hapa Nyakach, njia hii inafaa sana. Nyumba kubwa iko huku, simba, yaani nyumba ndogo ya kijana, iko kule karibu na geti, na waya wa stima unaoziunganisha umeshavutwa. Wazee waliiweka simba pale ili kijana awe wa kwanza kusikia anayeingia. Sasa kamera itamsaidia, maana kijana mwenyewe siku hizi analala na earphone masikioni.

Zunguka boma usiku, si mchana. Simama getini, kwenye zizi, kwenye mlango wa jikoni. Andika palipo na giza, kisha andika soketi au taa iliyo karibu na kila mahali. Hiyo karatasi ndiyo ramani yako. Usikimbilie kununua kamera nne kwa sababu zinauzwa kwa seti. Anza na geti na mlango wa nyuma, halafu uone kama kuna kinachokosekana.

Jaribu Wi-Fi kwanza. Peleka simu hadi mahali kamera itakapokaa, zima data, ucheze video kwa dakika tano. Ikienda bila kukwama, huhitaji kitu kingine. Ikikwama, kuna uwezekano mkubwa ni mabati. Mabati huzuia mawimbi ya Wi-Fi, na ukuta wa mabati ni mbaya kuliko wa matofali. Hapo ndipo nyaya za stima zinapoingia kazini.

Nunua jozi ya adapta za pawalaini. Kwenye boksi utaona limeandikwa Powerline, na mara nyingi HomePlug AV au AV2. Moja unaichomeka karibu na ruta na kuiunganisha kwa kebo fupi ya ethaneti. Ya pili unaichomeka kwenye simba, na kebo yake fupi inaingia kwenye kamera. Data inapita ndani ya waya uleule unaowasha taa. Chagua kamera yenye tundu la ethaneti, au adapta ya pili iwe ile inayotoa Wi-Fi yake yenyewe.

Zioanishe zikiwa kando kwa kando. Chomeka zote mbili ukutani sebuleni, bonyeza kitufe cha Pair kwenye ya kwanza, kisha ya pili kabla dakika mbili hazijaisha. Subiri taa zitulie. Sasa ndipo uipeleke moja simba. Hatua hii usiiruke hata kama zimewasiliana zenyewe, kwa sababu kuoanisha ndiko kunakozipa ufunguo wake wa siri. Ukikaa kwenye ploti ya kupanga ambako nyumba sita zinatumia mita moja, adapta za jirani zinaweza kuingia kwenye mtandao wako kupitia ukutani.

Chomeka moja kwa moja ukutani. Si kwenye extension, si kwenye fridge guard, si kwenye soketi yenye kinga ya radi. Vifaa hivyo huchuja umeme, na data yako huchujwa pamoja nao. Chaja za simu za bei ya chini pia hutia kelele nyingi za umeme kwenye waya. Zisogeze soketi nyingine na utaona tofauti papo hapo.

Usibabaike na namba kubwa kwenye boksi. Ikiandikwa 600, tarajia theluthi moja au chini. Inatosha. Kamera ya megapikseli 2 inayotumia H.265 kubana video huhitaji kama megabiti 2 kwa sekunde.

Kitu kimoja kinaweza kuharibu mpango wote: mita. Kama simba ina mita yake ya tokeni, data huenda isivuke, au ivuke kwa kuchechemea. Vivyo hivyo kama nyumba ina stima ya fezi tatu na soketi zako mbili ziko kwenye fezi tofauti. Muulize muuzaji kama atakurudishia pesa, kisha ujaribu siku hiyohiyo.

Sasa umeme wa kamera wenyewe. Kamera nyingi za nje hutumia volti 12, na adapta yake ndogo hubadilisha zile 240 za ukutani. Adapta hiyo ikae ndani, pakavu. Kinachotoka nje kwenda kwenye kamera kiwe ni ule waya mwembamba wa volti 12. Mvua ikiingia hapo, utapoteza kamera tu.

Lakini usiuvute mbali. Hapa nilijifunza kwa uchungu. Kamera yangu ya kwanza ilifanya kazi mchana kutwa, na kila jioni giza likiingia ikawa inazima, inawaka, inazima. Nilibadilisha ruta. Nilibadilisha kamera. Kosa lilikuwa waya. Nilikuwa nimevuta mita 30 za waya wa unene wa milimita mraba 0.5. Mchana kamera inakula umeme kidogo. Usiku taa zake za infraredi zinawaka, inavuta hadi ampea 1, na volti 2 hivi zinapotelea njiani. Kamera inapata volti 10, inakata roho, inaamka, inakata tena. Waya wa milimita 1.5 kwa umbali uleule hupoteza volti 0.7 tu. Kama kamera yako inazimika usiku peke yake, pima volti kwenye ncha ya kamera taa hizo zikiwa zimewaka, kabla hujanunua chochote.

Kuna jambo moja ambalo hulifanyi hata ukiambiwa na nani. Usitumie waya wa ziada ndani ya ukuta kupitisha volti 12, kwa kuwa eti uko pale na hautumiki. Siku fundi mwingine atakapouunganisha na laini ya 240, kamera italipuka na mtu anaweza kufa. Nyaya za stima zisichanganywe na za volti 12.

Unataka kutumia taa ya nje badala ya soketi? Inawezekana, lakini taa hiyo ina swichi. Kamera ikichukua umeme baada ya swichi, itazimika kila asubuhi mtu akizima taa. Fundi achukue laini kabla ya swichi, aweke kisanduku kisichoingiza maji, na kamera ibaki na umeme saa zote. Hii si kazi ya kujaribu mwenyewe kwa kutazama video. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, na swichi kuu izimwe kabla bisibisi haijagusa kitu.

Kamera za balbu nazo zimejaa madukani Kisumu. Ni nzuri kwa baraza. Ila nyingi zina kichwa cha skrubu, na vishikio vingi vya nyumba zetu ni vya pini. Nunua kigeuzi cha pini kwenda skrubu wakati uleule, usirudi mjini kwa ajili ya kitu kidogo hivyo. Halafu bandika selotepu nzito juu ya swichi ya hiyo taa na uandike USIZIME. Mgeni wa kwanza atazima, lakini wa pili atasoma.

Tuje kwenye kupotea kwa stima. Mitambo ya Sondu Miriu, megawati 60, iko papa hapa Nyakach, na bado tunakaa gizani kama wengine. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilizimika. Na tokeni pia huisha usiku wa manane, hiyo huhitaji kuambiwa.

Sikiliza sasa, kwa sababu wauzaji hawasemi hili: adapta za pawalaini zinaishi kwa stima ya ukutani. Ikipotea, njia ya picha imekatika, hata kama ruta na kamera zina betri. Kwa hiyo kamera lazima iwe na memori kadi ndani yake. Kadi ya GB 64, kwa ile megabiti 2 kwa sekunde, hubeba karibu siku tatu za kurekodi mfululizo. Kisha iwekee kamera UPS ndogo ya volti 12. Yenye wati-saa 30 itabeba kamera ya wati 5 kwa saa tano hivi. Wewe hutaona picha kwenye simu wakati huo, lakini kadi itaona.

Radi ni habari nyingine. Ukanda huu wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na wingu la alasiri huku kwetu halichezi. Mwambie fundi aweke kinga ya radi kwenye kisanduku kikuu cha stima, pale mita inapoingilia. Pale haizuii data, kwa kuwa adapta zako zote mbili ziko upande wa ndani. Hakikisha pia nyumba ina ethi inayofanya kazi, kwa sababu bila ethi kinga hiyo ni pambo tu. Na ukienda Mombasa wiki mbili, chomoa usichohitaji.

Waya unaokwenda simba, kama umezikwa, upite ndani ya paipu. Udongo wetu mweusi hupasuka kiangazi na kufura masika, na waya ulio wazi humo huvutwa hadi ukatike kwenye kiungo.

Gharama ya stima ni ndogo kuliko unavyodhani. Kamera ya wati 5 na adapta mbili za wati 3 kila moja ni wati 11. Kwa siku ni kama robo yuniti, kwa mwezi ni yuniti 8. Kama matumizi yako yanacheza karibu na yuniti 30, kuwa macho, kwa sababu juu ya hapo bei ya yuniti hupanda.

Kamera yenye taa nyeupe huita wadudu wote wa ziwani, na buibui huwafuata. Asubuhi una arifa 200 za mguu wa buibui. Tumia infraredi, na ufute utando kila Jumamosi kwa ufagio wa mpini mrefu.

Ielekeze kamera getini kwako, si mlangoni kwa jirani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na malalamiko hupokelewa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Badilisha nenosiri lililokuja nayo kabla hujaipandisha ukutani. Ukishapanda ngazi na kushuka, hutakumbuka.

Usiku wa kwanza, saa tatu, zima swichi kuu mwenyewe. Mtume kijana atembee kutoka getini hadi mlango wa nyuma akiwa amejifunika kofia. Washa stima baada ya dakika kumi, ufungue kadi, utazame. Kama humtambui mwanao, shusha kamera nusu mita na urudie.