Uwanja wa Shabaha na Mashindano Yake

Watu wengi wakisikia habari za chama cha kulenga shabaha hudhani kwamba jambo kubwa ni bunduki. Sivyo. Bunduki nzuri yaweza kununuliwa kwa siku moja, lakini uwanja mzuri hutengenezwa kwa miaka mingi, kwa jembe, kwa udongo, kwa fedha za wanachama na kwa akili. Uwanja ukiwa mbovu, mashindano hayawi ya haki. Na jirani anayelima shamba lake nyuma ya kilima hana usalama. Kwa hiyo atakaye kukijua chama cha shabaha, na atazame kwanza uwanja wake.

Katika Kenya, askari wa King's African Rifles na wa polisi walijifunza kulenga katika viwanja vya namna hii, na wazee wengi waliopata kuwa askari wanakumbuka tuta la udongo, bendera nyekundu na sauti ya msimamizi. Lakini kulenga shabaha si kazi ya askari peke yake. Ni mchezo pia, wenye vyama, vikombe na sheria zake. Somo hili linaeleza jinsi mchezo huo ulivyokua katika Uingereza, na jinsi viwanja vyake vilivyotengenezwa vizuri zaidi mwaka baada ya mwaka.

MWANZO WA MASHINDANO

Katika mwaka wa 1859 watu wa Uingereza walikuwa na hofu ya vita na Ufaransa, na raia wengi wakajitolea kujifunza uaskari. Mwaka huo kiliundwa chama kiitwacho National Rifle Association, ili watu hao wajifunze kulenga vizuri kwa kushindana. Msomaji asikichanganye na chama cha Marekani chenye jina hilohilo, ambacho kilianzishwa katika mwaka wa 1871.

Mashindano ya kwanza yalifanywa mwezi wa Julai 1860 katika uwanda wa Wimbledon, karibu na London. Malkia Victoria mwenyewe ndiye aliyeyafungua. Bunduki ilikuwa imefungwa imara juu ya kiegemeo na kuelekezwa mapema kwenye shabaha iliyokuwa yadi 400 mbali. Kazi ya Malkia ilikuwa kuvuta uzi wa hariri tu. Risasi ikapiga inchi moja na robo hivi kutoka katikati. Malkia alitoa pia tuzo ya pauni 250 kwa mshindi, na tuzo hiyo ingali inashindaniwa. Jina lake hufuata anayetawala: huitwa Tuzo ya Malkia au Tuzo ya Mfalme.

KWA NINI UWANJA ULIHAMISHWA

Kwa miaka 30 hivi mashindano yalifanywa Wimbledon. Lakini mji wa London ulizidi kukua, nyumba zikajengwa karibu, na bunduki nazo zikawa na nguvu zaidi kuliko za mwanzo. Watu wakaogopa risasi zinazopotea. Chama kikaona kwamba hapana budi kuondoka. Katika mwaka wa 1890 kilihamia Bisley, katika jimbo la Surrey, mahali penye nyika na vilima, na hapo ndipo kilipo mpaka sasa.

Jambo hili lina fundisho kubwa. Risasi ndogo ya bunduki ya michezo, ile ya kipimo cha .22, yaweza kuruka zaidi ya maili moja. Risasi ya bunduki kubwa ya kijeshi yaweza kuruka zaidi ya maili mbili. Mwenye kufyatua haoni itakapoangukia. Basi haitoshi kusema, "Sikumkusudia mtu." Yampasa ahakikishe kwanza kwamba risasi ina mahali pa kuzuiwa. Wazee walisema, "Tahadhari kabla ya hatari," na uwanja wa shabaha ni methali hiyo iliyojengwa kwa udongo.

TUTA, HANDAKI NA BENDERA

Uwanja wa bunduki kubwa una sehemu tatu zilizo muhimu. Ya kwanza ni tuta la udongo au kilima nyuma ya shabaha, ambalo huzimeza risasi. Udongo wa mbele wa tuta haufai kuwa na mawe, maana risasi ikipiga jiwe huruka upande na kwenda isikotazamiwa. Tena mvua huubomoa, na risasi nyingi zikipiga mahali pamoja huchimba shimo. Kwa hiyo tuta lisilotazamwa kila mara hugeuka kuwa hatari. Chama chenye akili huchekecha udongo, huondoa mawe na risasi za zamani, kisha huujaza tena.

Sehemu ya pili ni handaki. Hapo zamani shabaha za Wimbledon zilikuwa za chuma, na aliyelenga alijua amepiga kwa mlio wake na kwa ishara ya bendera. Baadaye zilitumika shabaha za kitambaa na karatasi zilizowekwa juu ya fremu inayopanda na kushuka. Waonyeshaji hukaa ndani ya handaki chini ya shabaha, wakikingwa na ukuta na udongo. Risasi ikipita, huishusha fremu, huziba tundu la zamani, huweka alama mahali ilipopiga risasi mpya, kisha huipandisha tena. Kwa njia hiyo aliye mbali yadi 1,000 hujua alipokosea, naye hujirekebisha.

Sehemu ya tatu ni bendera. Bendera nyekundu huwajulisha wapita njia kwamba watu wanafyatua. Bendera nyingine, zilizopangwa kando ya uwanja, huwaonyesha washindani upepo unakotoka na nguvu zake.

UPEPO, ADUI ASIYEONEKANA

Kwa mtu asiyejua mchezo huu, risasi huenda moja kwa moja kama uzi ulionyoshwa. Hakika yake ni kwamba hushuka kidogo kidogo kwa uzito wake, na husukumwa na upepo. Upepo wa maili 10 kwa saa unaovuma kutoka ubavuni waweza kuisukuma risasi ya bunduki kubwa zaidi ya futi sita katika mwendo wa yadi 1,000. Anayelenga katikati kabisa bila kuuhesabu upepo ataikosa shabaha nzima, hata kama mkono wake ni imara kama mwamba.

Kwa sababu hiyo mshindani mwema hutazama bendera, hutazama majani, na kukiwa na jua kali hutazama mazigazi yanavyoelea katika darubini yake. Kisha hugeuza kitundu cha kulengea kwa kipimo anachoona kinafaa. Hutuliza pumzi, hukivuta kifyatulio polepole, wala hakishtui. Mwenye haraka hapati kitu hapa.

JINSI TUZO INAVYOSHINDANIWA

Tuzo hiyo ya Bisley hushindaniwa kwa hatua tatu. Katika hatua ya kwanza kila mtu hufyatua risasi saba za kuhesabiwa kutoka yadi 300, saba kutoka yadi 500, na saba kutoka yadi 600. Risasi inayopiga katikati hupata pointi tano. Kwa hiyo hesabu kamili ni pointi 105. Walio bora 300 huendelea na hatua ya pili, ambamo hufyatua risasi kumi kila umbali. Walio bora 100 huingia hatua ya mwisho: risasi 15 kutoka yadi 900, na risasi 15 kutoka yadi 1,000. Ndani ya duara la katikati mna duara dogo zaidi, nalo hutumika kuwatenga waliolingana pointi. Mshindi huketishwa juu ya kiti na kubebwa na wenzake mabegani, huku bendi ikipiga.

Katika mwaka wa 1930 aliyebebwa juu ya kiti hicho alikuwa Marjorie Foster, mwanamke aliyekuwa akiishi kwa kufuga kuku. Alimshinda afisa wa jeshi kwa pointi moja tu. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata tuzo hiyo, na miaka 70 ilipita kabla mwanamke mwingine hajaipata, katika mwaka wa 2000. Mambo hayo yanaonyesha kwamba mchezo huu haumpendelei mwenye misuli wala mwenye cheo. Shabaha haijui ni nani aliyeifyatulia.

VYAMA VIDOGO VYA VIJIJINI

Si kila kijiji chaweza kupata nyika ya yadi 1,000. Baada ya vita vya Afrika Kusini vya 1899 hadi 1902 kuwaonyesha Waingereza kwamba Makaburu waliwashinda kwa kulenga, walihimizwa kuanzisha vyama vidogo, na Lord Roberts, aliyekuwa jemadari wa vita hivyo, aliiunga mkono kazi hiyo. Chama kikuu cha kuviunganisha kiliundwa mwaka wa 1901, na tangu mwaka wa 1947 kinaitwa National Small-bore Rifle Association. Vyama hivyo hutumia bunduki ndogo ya .22 na uwanja mfupi. Mara nyingi ni ukumbi wenye urefu wa yadi 25 tu, na mwisho wake mna kinga ya chuma na mchanga.

Vyama hivyo vilibuni njia ya kushindana bila kusafiri. Kila mshindani hufyatua nyumbani kwao mbele ya shahidi, juu ya kadi iliyotiwa alama maalum. Kadi yenye shabaha kumi ina hesabu kamili ya pointi 100. Kisha kadi hutumwa kwa posta kwa mhesabuji, naye hupima matundu kwa kipimo maalum. Washindani hupangwa kwa madaraja, anayeanza apambane na anayeanza, na fundi apambane na fundi. Hivyo hata chama cha watu 20 kina mashindano majira yote ya baridi, na mwanachama mnyonge ana sababu ya kuja tena wiki ijayo.

MATENGENEZO YA SIKU HIZI

Siku hizi viwanja vingi vimewekewa shabaha za umeme. Vinasa sauti vilivyofichwa katika fremu huisikia risasi inapopita, na mashine huhesabu mahali ilipopita. Mshindani huona alama papo hapo juu ya kioo kilicho karibu naye, wala hapana haja ya mtu kukaa handakini. Mwaka wa 2002, Michezo ya Jumuiya ya Madola ilipofanywa Manchester, walenga shabaha walishindana Bisley, na majengo mapya yakajengwa huko kwa ajili yao.

Tengenezo jingine halionekani, lakini ni la maana zaidi. Kiswahili kinatumia neno moja, risasi, kwa kitu kinachotoka katika bunduki na kwa madini ambayo kimetengenezwa kwayo. Madini hayo ni sumu. Katika ukumbi usio na hewa, vumbi lake huingia mapafuni, nayo hushika mikononi na katika nguo. Kwa hiyo vyama vizuri huweka mashine za kusukuma hewa kutoka nyuma ya washindani kwenda upande wa shabaha. Husafisha sakafu kwa maji au kwa mashine ya kuvuta vumbi, si kwa ufagio mkavu. Hukataza kula mahali pa kufyatulia, na huwaagiza watu wanawe mikono kabla ya kwenda nyumbani kwa watoto wao. Kadhalika kila mtu hufunika masikio, maana sikio likiharibiwa na mlio wa bunduki halirudi kama lilivyokuwa.

SHERIA ZISIZOVUNJWA

Vyama hutofautiana kwa fedha, lakini sheria kubwa ni zilezile. Kila bunduki ihesabiwe kuwa imejazwa mpaka mtu aone kwa macho yake kwamba ni tupu. Mdomo wa bunduki uelekee tutani siku zote. Kidole kisiguse kifyatulio kabla ya kulenga. Mtu yeyote akiona hatari, hata mwanafunzi wa siku ya kwanza, ana haki ya kupaza sauti watu waache kufyatua, na wote humtii. Pasiende mtu mbele mpaka bunduki zote zimefunguliwa na kuwekwa chini. Tena katika Kenya hapana raia awezaye kumiliki bunduki bila cheti cha serikali.

Chama kinachoshika mambo hayo chaweza kufanya mashindano miaka mingi bila mtu kuumia. Kinachoyadharau hakisaidiwi na vikombe vyake vya fedha, hata vikiwa vingi namna gani.

MASWALI KWA WANAOSOMA PAMOJA

1. Kwa nini mashindano yaliondolewa Wimbledon katika mwaka wa 1890?
2. Mawe ndani ya tuta yana hatari gani?
3. Ikiwa upepo unavuma kutoka kushoto, risasi itasukumwa upande gani, na mshindani afanye nini?
4. Kwa nini ufagio mkavu haufai katika ukumbi wa kufyatulia?
5. Kama chama kina fedha za kununua bunduki mpya au kutengeneza tuta, lakini si yote mawili, kichague lipi? Elezeni sababu.