Baba Aliyemkimbia Mwanawe: Tunachojifunza Kwenye Filamu za Frankenstein

Leo tunaingia mahali ambapo wengi hawategemei kukuta katekesi: kwenye filamu za kutisha. Najua wengine mmeshatabasamu na wengine mmekunja uso. Kwenye vikundi vya vijana swali hili halikosi kurudi: "Eti kuangalia muvi za kutisha ni dhambi?" Nitalijibu, ila mwishoni. Kwanza tuangalie hadithi moja ambayo imetengenezewa filamu tena na tena kwa zaidi ya miaka 100, halafu tujiulize kwa nini watu hawachoki nayo.

Hadithi yenyewe ni Frankenstein. (Angalizo: nitasimulia mpaka mwisho, kwa hiyo kama hupendi kuharibiwa uhondo, angalia kwanza ndipo urudi.)

1. Hadithi ilizaliwaje?

Mwaka 1815 mlima wa volkeno wa Tambora, huko Indonesia, ulilipuka vibaya sana. Majivu yakatanda angani, na mwaka uliofuata Ulaya haikupata kiangazi cha kawaida. Ikawa ni baridi na mvua tu. Katika hali hiyo, mwaka 1816, kikundi cha vijana kilikuwa mapumzikoni karibu na Ziwa Geneva, Uswisi. Nje hapatokeki. Mmoja wao, mshairi Lord Byron, akatoa wazo: kila mtu atunge hadithi ya mizimu.

Aliyetoa hadithi kubwa kuliko zote alikuwa msichana wa miaka 18, ambaye leo tunamjua kama Mary Shelley. Riwaya yake ilitoka London mwaka 1818, bila jina lake kwenye jalada.

Huyu dada alikuwa anajua maumivu. Mama yake alifariki siku chache tu baada ya kumzaa, mwaka 1797. Yeye mwenyewe, kabla ya kuandika riwaya hii, alishampoteza mtoto wake wa kwanza, binti mchanga aliyeishi siku chache. Kwa hiyo alipoandika juu ya kiumbe anayefungua macho duniani na kukuta hana mama wala baba, hakuwa anacheza.

2. Kwenye kitabu, nani ana kosa?

Victor Frankenstein ni mwanafunzi mwenye akili sana na kiburi kinacholingana na akili hiyo. Anakusanya viungo vya maiti, anaunda mwili, anautia uhai. Anaota kwamba viumbe wapya watamshukuru na kumtukuza yeye. Usiku wa manane kiumbe anafungua macho. Na Victor anafanya nini? Anamwona anatisha, anakimbia. Kiumbe anamfuata mpaka kitandani, anamnyoshea mkono kama mtoto. Victor anakimbia tena.

Hata jina hakumpa. Wengi wetu tunadhani "Frankenstein" ni jina la lile zimwi. Hapana, ni jina la aliyeliunda. Kiumbe mwenyewe hana jina kitabu kizima.

Baadaye anajificha karibu na nyumba ya familia moja maskini, anajifunza kusema na kusoma kwa kuwachungulia. Anatamani wampokee. Mzee wa nyumba hiyo ni kipofu, naye anaongea naye kwa upole. Lakini mwanawe anarudi, anamwona, anampiga kwa fimbo. Hapo moyo wake unageuka. Anamuua mdogo wake Victor, na msichana asiye na hatia ananyongwa kwa kosa hilo. Damu inaendelea kumwagika mpaka kwenye barafu za kaskazini ya mbali.

Mary Shelley hampaki rangi nyeupe mtu yeyote. Victor ana kosa la kumtelekeza aliyemleta duniani. Kiumbe ana kosa la kuua. Kuumizwa kunaeleza hasira yake, ila hakumfanyi asiwe na hatia.

3. Filamu tatu, majibu matatu

Filamu ya kwanza kabisa ilitoka Marekani mwaka 1910, fupi, ya dakika kama 16. Zikafuata nyingi. Nimechagua tatu, kwa sababu kila moja inajibu kwa namna yake swali moja: *ubaya unatoka wapi?*

*Ya kwanza ni ya 1931*, ya mwongozaji James Whale, Boris Karloff akiwa zimwi. Ndiyo iliyotupa ile sura inayojulikana: kichwa bapa na vyuma shingoni. Hapa waliongeza jambo ambalo kitabuni halimo: msaidizi wa Frankenstein anaenda kuiba ubongo, anauangusha ule mzuri, anachukua wa mhalifu. Unaona jibu lilivyo? Zimwi ni baya kwa sababu limeundwa na ubongo mbovu. Limezaliwa hivyo, basi. Wakamnyima pia usemi, ananguruma tu. Hata hivyo filamu yenyewe inajikana: mnamwona anamwogopa mtu anayemtesa kwa moto, na pale ziwani anacheza maua na mtoto wa kike kwa furaha kabisa. Anamtupa majini akidhani ataelea kama ua. Mtoto anakufa. Hapo hukuona ukatili. Uliona mtu ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha lolote.

*Ya pili ni ya 1935*, ya James Whale yuleyule, kuhusu bibi arusi wa Frankenstein. Humo mna tukio ambalo kila kijana Mkatoliki angefaa kuliona. Kiumbe, amejeruhiwa, anaingia kwenye kibanda cha mkaa-pweke kipofu. Mzee anamkaribisha, anamlaza, anamshukuru Mungu kwa kumletea rafiki, na wote wawili wanatokwa machozi. Ukutani pana msalaba. Mzee anampa mkate na divai, anamfundisha maneno: mkate, rafiki, zuri. Kumbe yule "mwenye ubongo mbovu" anaweza kujifunza wema! Alihitaji mtu mmoja tu asiyemhukumu kwa sura. Halafu wanaingia watu wenye macho mazima, wanaharibu kila kitu.

*Ya tatu ni ya 2025*, ya Guillermo del Toro, mwongozaji kutoka Mexico aliyelelewa katika mazingira ya Kikatoliki. Hapa Oscar Isaac ni Victor na Jacob Elordi ni kiumbe. Del Toro anarudi nyuma hadi utoto wa Victor: baba yake alikuwa mkali, anamfundisha kwa kumchapa. Victor anakua, anamleta kiumbe, kisha anamfunga minyororo na kumchapa vilevile. Hapa ubaya ni kama urithi. Ila mwisho wake ni tofauti na kitabu. Kitabuni Victor anakufa bila wao kupatana, na kiumbe anabaki akilia juu ya maiti. Kwenye filamu, Victor akiwa anakufa melini, anamwomba kiumbe msamaha na kumwita mwanawe. Na kiumbe anasamehe. Anatoka, anaisukuma meli iliyonaswa kwenye barafu ili mabaharia warudi kwao, kisha anasimama kulitazama jua linachomoza.

4. Kanisa linajibuje?

Tuziweke pamoja. Filamu ya kwanza inadokeza: umezaliwa mbovu. Ya pili: wengine wamekuharibu. Ya tatu: umerithi, ila mnyororo unaweza kukatika.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 405, inatufundisha kwamba dhambi ya asili imeijeruhi asili yetu, lakini haikuiharibu kabisa. Shika hilo, ndugu yangu. Hakuna mtu mwenye "ubongo wa mhalifu" mbele ya Mungu. Tuna jeraha, ndiyo. Tunaumizwa na wengine, ndiyo. Lakini tuna hiari, na tuna neema. Kwa hiyo ukisema "mimi niko hivi kwa sababu ya baba yangu," umesema nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba hulazimiki kubaki hivyo.

Sasa turudi kwa Victor. Fungua Mwanzo sura ya 3. Adamu na Eva wameanguka, wamejificha, wana aibu. Mungu anafanya nini? Anaingia bustanini kuwatafuta. Anamwita Adamu. Na kabla hawajatoka, katika aya ya 21, anawatengenezea mavazi ya ngozi na kuwavika. Victor alimkimbia kiumbe asiye na kosa lolote, akamwacha uchi. Mungu aliwatafuta wenye makosa, akawavika.

Kisha fungua Luka 15. Mwana mpotevu anarudi ananuka nguruwe. Baba anamwona angali mbali, anapiga mbio. Angalia Kiswahili chetu kilivyo: Victor *alimkimbia* mwanawe. Baba wa Injili *alimkimbilia* mwanawe. Silabi moja tu inatofautisha jehanamu na nyumbani.

Na suala la jina je? Kumbuka ubatizo wako. Mlangoni pa kanisa, jambo la kwanza padre analowauliza wazazi ni jina la mtoto. Hujaungama imani, hujajua hata kukaa, lakini una jina na unaitwa kwalo. Katika Isaya 43:1 Mungu anawaambia watu wake kwamba amewaita kwa jina na kwamba ni wake. Katekisimu, namba 357, inasema kwa sababu tumeumbwa kwa mfano wa Mungu, kila mmoja wetu ana hadhi ya nafsi, si kitu. Ndiyo maana namba 2378 inafundisha kwamba mtoto ni zawadi. Si mali wala haki ya mtu kujidai. Victor alitaka cha kujivunia. Alipopata mwana badala ya sifa, hakumtaka.

5. Tujikague

Hapa ndipo somo linapouma. Ni rahisi kumlaani Victor ukiwa umekaa na bisi zako. Lakini kuna vijana wamepata mtoto na msichana wa watu, kisha wakabadilisha namba ya simu. Huyo ni Victor, bila maabara. Kuna mtu kwenye jumuiya yako ambaye kila mtu anamkwepa kwa sura yake, ugonjwa wake, au habari za familia yake. Mmeshampa jina la utani, lake halisi hamlijui. Tunasema "zimwi lile" mahali pa kusema "mtu yule," halafu tunashangaa akiwa na hasira.

Na labda wewe ndiye kiumbe. Labda baba aliondoka, au yupo ila mkono wake ndio unaoujua zaidi. Nikwambie mambo mawili. La kwanza: kusamehe si kusema halikuuma, wala si kurudi kwenye kipigo. Kama nyumbani unaumizwa, mwambie mtu mzima unayemwamini, padre, katekista au mwalimu, na usinyamaze ukidhani kunyamaza ndiyo utakatifu. La pili: msamaha unakufungua wewe kwanza. Kiumbe wa Del Toro hakumponya Victor, Victor alikufa. Lakini yeye alitoka melini akiwa huru, na jambo la kwanza alilofanya kwa uhuru huo ni kuwasaidia watu waliokuwa wamempiga risasi.

6. Basi, ni dhambi kuangalia?

Kuogopa mbele ya filamu si dhambi. Kinachotakiwa ni kupambanua. Mtume Paulo anatuagiza tupime yote na kushika lililo jema (1 Wathesalonike 5:21). Jiulize maswali matatu:

- Filamu hii inauonyesha ubaya kuwa ni ubaya, au inanifundisha kuushangilia?
- Inacheza na uchawi na pepo kana kwamba ni burudani ya kujaribu nyumbani? Hapo toka.
- Nikimaliza, naweza kusali? Au nimebaki na damu kichwani na usingizi umekata?

Filamu ya 2025 ina damu na ukatili mwingi. Si ya kuwaangalizia wadogo zako. Ile ya 1935 ni nyepesi zaidi, na kikundi cha vijana kinaweza kuiangalia pamoja na kuijadili.

Kazi ya wiki

1. Soma Luka 15:11-32 polepole. Uko wapi: unakimbia, unarudi, au unasubiriwa?
2. Mtafute mtu mmoja anayekwepwa. Jua jina lake. Mwite kwalo.
3. Kama kuna mtu uliyemkimbia na anakuhitaji, anza na kitubio, kisha piga simu.

Tusali

Baba mwema, ulituumba kwa upendo na hukutukimbia tulipoanguka. Utuponye majeraha tuliyopewa na wale waliopaswa kutupenda. Utusamehe wale tuliowaacha gizani. Utupe macho ya kumwona ndugu pale wengine wanapoona zimwi, na ujasiri wa kumkimbilia badala ya kumkimbia. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Bikira Maria, Mama wa wasio na mama, utuombee.

Tumsifu Yesu Kristo! Milele na milele. Amina.