Mbuzi Aliyetwikwa Makosa

Leo tutafunua maana ya neno moja la Kiingereza: «scapegoat». Kwa Kifaransa husemwa «bouc émissaire». Sisi tuseme: mbuzi wa kusingiziwa.

1. Asili yake. Kitabu cha Walawi, sura ya 16, chaeleza Siku ya Upatanisho ya Waisraeli. Mbuzi dume wawili waliletwa, wakapigiwa kura. Wa kwanza alichinjwa kuwa sadaka. Wa pili aliachwa hai: kuhani mkuu alimwekea mikono miwili kichwani, akaungama makosa yote ya taifa, kisha mbuzi akapelekwa jangwani. Mwaka 1530 Mwingereza William Tyndale alichapisha tafsiri yake, akamwita huyo wa pili mbuzi aponyokaye. Ndipo neno lilipozaliwa.

2. Matumizi yake. Huitwa hivyo mtu anayetwikwa makosa ya wengine. Mwizi akikamatwa na kuadhibiwa, siye. Yeye alipa deni lake mwenyewe. Lakini wakubwa wa chama wakila fedha, akafukuzwa mlinzi asiyejua neno, huyo ndiye. Wengi husema «mbuzi wa kafara»; lakini kumbukeni, aliyetwikwa makosa si yule aliyechinjwa, bali yule aliyefukuzwa.

3. Fundisho. Mtoto afa kwa malaria, ugonjwa uletwao na mbu. Maji yalituama nyuma ya nyumba, na wazazi walichelewa kumpeleka kwa mganga wa zahanati. Lakini watu wamtafuta mjane mzee, au yatima asiye na mtetezi, wamwita mchawi, wamfukuza. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 41, yakataza kumshtaki mtoto uchawi.

Angalieni tofauti. Waisraeli waliungama kwanza, mbele ya wote, kwamba makosa ni yao. Sisi twamfukuza mtu ili tusiungame. Naye akiisha kwenda, maji yangali yametuama, na mbu wangali humo.

Maswali

1. Mbuzi yupi alitwikwa makosa, naye alipelekwa wapi?
2. Kwa nini mwizi aliyeadhibiwa kwa haki haitwi mbuzi wa kusingiziwa?
3. Kijijini kwako, baya likitokea, ni nani alaumiwaye kwanza? Na kosa ni la nani kweli?